NI TAMAA TU INAYOUA VIJANA? MAELEZO JUU YA FILME «NAIROBI HALF LIFE»

Kila mhubiri ajua mithali hii: tamaa mbele, mauti nyuma. Kijana ameiba pikipiki, watu wamemshika, wamempiga mpaka kufa. Jumapili inayofuata twasimama mbele ya wakristu na kusema: tamaa mbele, mauti nyuma. Watu waitikia kwa kichwa, misa yaendelea. Mithali hiyo ni ya kweli. Lakini je, yatosha? Je, yatuambia namna gani kijana mwenye akili, aliyependwa na mama yake, aliyetaka kazi ya heshima, alifika pale kwenye damu?

Ndugu wasomaji, katika makala haya twataka kutazama filme moja inayojibu swali hilo hatua kwa hatua. Ilitengenezwa Nairobi, mji mkubwa wa Kenya, na jina lake la Kiingereza ni Nairobi Half Life, ndiyo kusema «Nusu ya maisha, Nairobi». Tumeichagua kwa sababu tatu. Ya kwanza, watu wake wasema Kiswahili. Ya pili, barabara inayotoka kwetu na kupita Kasindi na Kampala yafika Nairobi na Mombasa, na wafanya-biashara wa Butembo waijua miji ile tangu zamani. Ya tatu, kijana wa filme hiyo si mtu wa ajabu. Afanana na vijana tunaowaona kila siku katika Kimemi, Mususa, Bulengera na Vulamba, ao kule Beni katika Bungulu na Mulekera.

1. FILME YENYEWE

Filme hiyo ilitoka mwaka wa 2012. Aliyeiongoza ni David «Tosh» Gitonga, mtu wa Kenya, nayo ilikuwa filme ndefu ya kwanza aliyoiongoza. Kampuni mbili zilisaidiana: One Fine Day Films, ya Tom Tykwer na Marie Steinmann wa Ujerumani, na Ginger Ink ya Nairobi. Walioandika kisa ni watu wa Kenya, na wachezaji wakubwa vilevile. Kijana Joseph Wairimu acheza nafasi ya Mwas, na Olwenya Maina nafasi ya rafiki yake Oti.

Katika mwezi wa saba 2012 ilionyeshwa kwenye makutano makubwa ya filme kule Durban, Afrika ya Kusini, na Joseph Wairimu akapewa tuzo la mchezaji bora. Mwaka uleule Kenya iliituma Marekani kwenye mashindano ya Oscar, kati ya filme za lugha za kigeni. Haikuingia katika orodha ya mwisho, lakini ilikuwa mara ya kwanza Kenya kutuma filme huko.

Yadumu saa moja na nusu hivi. Lugha yake ni Kiswahili cha mitaani kilichochanganywa na Kiingereza, kinachoitwa Sheng, pamoja na Kikikuyu. Msikilizaji wa Butembo atashika mengi, lakini si yote. Yafaa kiongozi aitazame kwanza peke yake, mara mbili, kabla ya kukaa na wengine.

2. KISA CHAKE KWA UFUPI

Mwas ni kijana wa mashambani. Akaa kwa wazazi wake, na kazi yake ni kuuza filme za bunduki na vita zinazotoka ng'ambo. Hauzi kimya: asimama mbele ya watu, ageuza sauti, aruka, aanguka, aiga mashujaa wa zile filme, mpaka wanunuzi wacheka na kutoa feza. Ana kipawa. Ataka jambo moja tu, kuwa mchezaji wa kweli juu ya jukwaa, huko Nairobi.

Siku moja wachezaji wa Nairobi wafika karibu na kwao. Mwas amwendea mmoja na kuomba msaada. Yule ajibu: lete shilingi 1,000, nitakupatia nafasi. Mwas ana 500 tu. Azitoa, naye aambiwa alete nyingine 500 Nairobi, kwenye National Theatre, nyumba kubwa ya michezo. Mama yake ampa feza kidogo za safari. Kabla ya kufika akutana na binamu yake, mkubwa wa genge la wezi. Huyo ampa radio ya bei kali na feza, azipeleke kwenye duka moja la River Road, katikati ya mji.

Afika Nairobi. Hajapata hata mahali pa kulala, wezi wamnyang'anya vyote. Kisha akamatwa na kutiwa ndani. Kule alazimishwa kusafisha choo kichafu mno, na kule ajuana na Oti. Oti amwingiza katika genge lake. Kazi ya genge hilo ni kung'oa vipande vya motokari za watu na kuviuza.

Wakati uleule Mwas ajaribiwa mbele ya kundi la michezo linaloitwa Phoenix Players, naye achaguliwa. Katika mchezo ule apewa nafasi ya mwizi. Basi awa na nusu mbili za maisha: nusu moja jukwaani, nusu nyingine katika wizi. Binamu yake amwona tena, amsamehe ile radio iliyopotea, lakini kwa sharti la kuiba motokari nzima. Hapo Mwas mwenyewe awashawishi wenzake waache vipande, waibe motokari zenyewe, maana zaleta feza zaidi. Tangu hapo mambo yaharibika. Mwishoni polisi wawachukua vijana wale, si kwa kuwapeleka mbele ya mwamuzi, bali kwa kuwaua. Mwas aponyoka. Kwa mwili wenye majeraha afika jukwaani, acheza nafasi yake mbele ya watu waliolipa kiti, nao hawajui alikotoka.

3. HATUA SITA ZA KUPOTEA

Tukiitazama filme hii kwa haraka, twaweza kusema: tazama mwisho wa wezi. Lakini tukienda polepole, twaona hatua sita. Inafaa tuzitaje moja moja.

Hatua ya kwanza: ahadi iliyouzwa. Mwas hakuanza kwa kutaka mali ya mtu. Alitaka kazi. Mtu mwenye elimu kuliko yeye, mwenye nguo nzuri na maneno ya mji, alimwuzia mlango usiokuwa wake. Mwizi wa kwanza katika kisa hiki hana bunduki.

Hatua ya pili: deni lililotangulia kazi. Binamu alimpa mzigo. Mwas hakuuliza mali ile imetoka wapi. Kwetu nani angemwuliza mkubwa wa jamaa maswali kama hayo? Lakini tangu dakika ile alikuwa na deni kwa mtu mbaya, na bado hajafanya kosa lolote.

Hatua ya tatu: mji usio na mpokeaji. Alishuka Nairobi bila jina la mtu mmoja wa kumpokea. Hakuwa na barua, wala anwani, wala nyumba. Waliomngojea ni wezi tu, maana wezi hungojea wageni kila siku, mvua ao jua.

Hatua ya nne: kifungo kilichokuwa shule. Aliingia ndani bila ufundi wa wizi, akatoka na mwalimu. Serikali ilimtia pale kusudi ailinde mji. Lakini ilimpeleka yenyewe kwa Oti.

Hatua ya tano: genge lililokuwa jamaa. Tusikosee hapa. Genge halikumvuta Mwas kwa feza kwanza. Lilimpa mahali pa kulala, chakula, jina, na watu wa kumwuliza «umekula?». Katika mji wote hakuna mwingine aliyemwuliza neno hilo.

Hatua ya sita: deni lilirudi, naye Mwas akachagua. Hapa ndipo penye tamaa. Binamu alidai motokari moja. Mwas akawavuta wenzake wote katika kazi ile kubwa. Hakuna aliyemshika mkono. Filme haimfanyi malaika, nasi tusimfanye hivyo. Alikuwa na akili ya kujua kwamba motokari hainyang'anywi kama taa ya motokari: ndani yake mna mtu. Kosa hilo ni lake.

Basi mithali yetu yasema kweli juu ya hatua ya sita. Lakini juu ya zile tano za mbele mithali yanyamaza. Na mhubiri anayeanza kusema kwenye hatua ya sita amekawia.

Tena kuna jambo ambalo watazamaji wengi hawalioni. Mlango wa kweli ulikuwapo. Mwas alipojaribiwa na wale wachezaji, alipata nafasi kwa sababu ya kipawa chake. Zile shilingi 1,000 hazikuwa na kazi yoyote. Lakini alipofika kwenye mlango ule wa bure, alikuwa tayari mtu wa wengine: ana deni kwa binamu, ana undugu na Oti. Mlango mwema ulikuwa wazi, lakini ulikuwa mbali na kwao, na hakuna aliyemwonyesha njia. Ndiyo maana alipita kwanza katika milango yote mibaya. Kwa mawazo yetu, hilo ndilo fundisho kubwa la filme hii.

4. TAMAA NA NIA

Lugha yetu yatofautisha maneno mawili, nasi mara nyingi twayachanganya tukihubiri. Tamaa ni kutaka bila kipimo, hata kilicho cha mwingine. Nia ya kuendelea ni kutaka kutumia vizuri kile ambacho Mungu amekupa. Kijana anayetaka kuwa mganga, mwanasheria ao mchezaji wa michezo hana tamaa, ana nia. Tukimwambia kila mara kwamba kutaka makubwa ni hatari, atafanya moja kati ya mambo mawili: ao atalala, ao ataficha mipango yake mbele yetu. Akiificha, ataisimulia kwa mwingine. Binamu wa Mwas hakumwambia kwamba anataka mno. Alimpa kazi.

Filme nyingine ya Afrika yaonyesha jambo hilihili kwa ukali zaidi. Ni Jerusalema, ya Ralph Ziman, iliyotoka Afrika ya Kusini mwaka wa 2008. Mkubwa wake ni Lucky Kunene, kijana wa Soweto, mwanafunzi mwema. Universite yamkubali, lakini feza za masomo hana, na msaada wa masomo haupati. Aanza kwa kuiba motokari. Baadaye, katika mtaa wa Hillbrow mjini Johannesburg, anyakua nyumba za watu na kupambana na wauza dawa za kulevya. Barua ya universite ilikuwa mkononi mwake. Pengo kati ya barua ile na feza ya kulipa ndilo lililojazwa na genge.

5. NA KWETU BUTEMBO NA BENI?

Tusiseme: hayo ni mambo ya Nairobi na Johannesburg. Tuchukue zile hatua na kuzipima kwetu.

Ahadi inayouzwa. Twawajua watu wanaopita wakisema: toa feza ya faili, nitakupatia msaada wa masomo nchi za nje, toa feza ya mkubwa, nitakupatia kazi. Mzazi auza mbuzi, hata shamba. Huko Beni jambo hili limekuwa la kufa na kupona. Tangu mwezi wa kumi 2014 wilaya ile imeona mauaji mengi ya raia mikononi mwa ADF, kundi la silaha lililotoka Uganda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba kati ya vijana walioingizwa katika kundi hilo kuna waliodanganywa kwa ahadi ya kazi ao ya masomo. Tulifikiri sana tuliposoma hayo. Chambo hakikuwa bunduki wala uporaji. Chambo kilikuwa masomo. Aliyetega alijua kijana apenda nini, pengine kuliko sisi tunavyojua.

Kifungo kinachokuwa shule. Butembo kuna gereza la Kakwangura, Beni kuna gereza la Kangbayi. Tarehe 20 ya mwezi wa kumi 2020 Kangbayi ilishambuliwa, na wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoroka. Tarehe 10 ya mwezi wa nane 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, na zaidi ya 800 wakatoroka. Tufikiri kidogo juu ya kijana aliyetiwa mle kwa sababu ya telefone moja, akingoja miezi mingi bila kuitwa mbele ya mwamuzi. Ukuta ukibomolewa, je, atarudi kwa mama yake ao atafuata wale waliobomoa?

Dawa za kulevya. Genge la filme lauza vipande vya motokari. Kinshasa, mwaka wa 2021, vipande vya motokari vikawa dawa yenyewe. Vijana walitumia kitu walichokiita bombe: ni unga unaotoka katika chombo kinachosafisha moshi wa motokari, unaosagwa na kuchanganywa na vidonge na tumbako. Motokari za watu ziling'olewa vyombo hivyo usiku. Mwezi wa nane mwaka ule polisi wa Kinshasa waliwaonyesha mbele ya watu karibu watumiaji na wauzaji mia moja. Twataja habari hii ili katekista ajue kwamba wizi na ulevi ni mto mmoja: anayeng'oa kipande usiku mara nyingi amuuzia anayelewa mchana, na kesho yeye mwenyewe alewa. Kwetu twaona bangi na pombe kali za vichupa vidogo mikononi mwa watoto wasiofika miaka kumi na tano. Tusingoje mpaka kitu kibaya zaidi kifike.

Mauti bila hukumu. Filme yamalizika kwa vijana kuuawa na polisi. Haikuzua jambo hilo. Mwezi wa pili 2009 Philip Alston, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, alizuru Kenya na kusema wazi kwamba polisi wanaua watu bila hukumu. Kwetu Kongo, tarehe 15 ya mwezi wa kumi na moja 2013 polisi wa Kinshasa walianza mwendo ulioitwa Likofi, kwa kufukuza vijana wa magenge wanaoitwa kuluna. Mwaka uliofuata shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba vijana na watoto wasiopungua 51 waliuawa, na 33 walichukuliwa wasionekane tena. Katika mwezi wa tatu 2024 serikali iliondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo lililokuwapo tangu mwaka wa 2003, na kati ya makosa yaliyotajwa mlikuwamo ujambazi wa mijini unaoleta mauti.

Lakini tusiwatazame polisi peke yao. Katika miji yetu mwizi aliyeshikwa hupigwa na umati, hata huchomwa moto, na katika umati ule mna wakristu wetu. Mna wazazi wa watoto wa katekisimu. Watu wamechoka kuibiwa, twalijua. Mjane aliyenyang'anywa pikipiki ya mwanawe amenyang'anywa chakula cha nyumba nzima. Uchungu wake ni wa haki. Lakini amri ya tano haina mlango wa nyuma kwa ajili ya wezi. Anayerusha jiwe hajui kama anamrushia mtu wa hatua ya sita ao mtoto aliyekuwa bado kwenye hatua ya pili.

6. JE, YAFAA KUIONYESHA?

Padri mmoja aweza kutuuliza: filme yenye matusi, damu na malaya, yafaa kwetu? Zamani wamisionari walitengeneza filme za namna nyingine. Katika miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst wa Scheut alitengeneza kule Kasai zile filme za kuchekesha za Matamata na Pilipili, na watu wa kila umri waliweza kukaa mbele yake bila hofu. Nairobi Half Life si ya namna ile.

Twajibu kwa maneno ya Eklezya yenyewe. Papa Pius XI aliandika juu ya sinema mwaka wa 1936, na Pius XII tena mwaka wa 1957. Wote wawili walionya juu ya hatari zake, lakini hawakuikataa. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 ya mwezi wa kumi na mbili 1963, wafundisha kwamba kuonyesha ubaya kwaweza kumsaidia mtu kujijua zaidi na kuupenda wema, ila kwa kipimo, bila kuamsha tamaa mbaya. Kipimo basi ni hiki: filme hii yafanya ubaya upendwe, ao yaufanya ueleweke?

Kwa upande wetu twasema yaufanya ueleweke. Mwas hachukui motokari nzuri na kwenda zake akicheka. Kila hatua yamnyima kitu. Lakini twaweka masharti mawili. La kwanza, isionyeshwe watoto. Ni ya vijana wakubwa, wazazi, waseminari na walimu. La pili, isionyeshwe bila mazungumzo. Kijana anayetoka mbele ya filme hii bila kusema neno aweza kubeba namna ya kuiba tu, na kuacha mengine yote.

7. NAMNA YA KUONGOZA MAZUNGUMZO

Twashauri maswali machache, wala si mahubiri. Kiongozi aulize, kisha angoje.

Swali la kwanza: nani alimwibia Mwas kwanza? Wengi watasema wezi wa Nairobi. Ngojeni mpaka mmoja ataje yule mchezaji wa shilingi 500.

Swali la pili: ungekuwa mama yake, ungempa feza za safari? Hapa wazazi na vijana hawatapatana, na ni vizuri wasikilizane.

Swali la tatu: ni mahali gani angeweza bado kurudi nyuma, na angehitaji nani?

Swali la nne: mwishoni, wale wanaotazama mchezo jukwaani wampigia makofi kijana aliyecheza mwizi. Wangemkuta njiani usiku, wangemfanyia nini? Nasi je?

Swali la tano, kwa viongozi peke yao: Mwas angeshuka katika parokya yetu jioni, mikono mitupu, angepokewa na nani, kwa jina?

Swali hilo la mwisho ndilo lililotusukuma kuandika. Mapadri wengi wajua kuandika barua ya ubatizo kwa mkristu anayehama. Ni wangapi wanaomwandikia kijana anayekwenda Butembo, Goma, Kampala ao Nairobi barua ya kumpokea, yenye jina la mtu na namba ya telefone? Ni kazi ya dakika tano. Ni katekista gani aliye na daftari la vijana waliotoka kijijini mwake, na mahali wanapokaa? Nani katika parokya aweza kusoma barua ya «msaada wa masomo» na kusema: hii ni uwongo, usilipe? Nani huenda Kakwangura ao Kangbayi kuuliza habari za mtoto wa fulani, kabla Oti hajampata?

Mambo hayo hayahitaji feza nyingi. Mwaka wa 1989 Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha kule Butembo Universite Catholique du Graben. Watoto wengi wa milima hii wakapata mlango karibu na kwao, wasiutafute mbali kwa wauza ahadi. Universite hatuwezi kujenga kila mmoja wetu. Lakini mlango mdogo kila parokya yaweza kuufungua: mtu mmoja mwaminifu, jioni mbili kwa juma, wa kuwasikiliza vijana wasemao wataka nini katika maisha, na kuwaonyesha njia bila kudai shilingi wala franka.

Basi tuendelee kusema mithali yetu, maana ni ya kweli: tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini siku tukiisema juu ya jeneza la kijana, tujiulize kwanza alipita hatua ngapi kabla ya ile ya mwisho, na katika kila hatua sisi tulikuwa wapi.